Kipengele cha Nne

Wakenya tukiwa watatu nje ya nchi tunaunda kamati. Tukifika wanne tunachapisha programu. Nasema haya nikiwa na hasira, na mimi mwenyewe ni Mkenya, kwa hivyo nisije nikaambiwa nawadharau watu wangu.

Likizo ya Agosti, shule zilipofungwa, nilipanda ndege kwenda Johannesburg kuwaona wasichana niliosoma nao sekondari ya bweni. Nawaita wasichana kwa mazoea tu. Sote tumepita miaka arobaini na tano, na wawili tayari ni nyanya. Kumi na wawili kati yetu waliishia mji ule, wengi kwenye mabenki na vyuo vikuu, na miaka yote wamekuwa wakiniambia njoo, njoo. Nikaenda. Nilitaka chai, kicheko, na kuwasengenya walimu wetu wa zamani. Jioni ya kwanza, kabla hata sijavua viatu, mwenyeji wangu akaniwekea mezani karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Sala ya kufungua. Wimbo wa shule. Neno kutoka kwa mwenyekiti. Kipengele cha nne, kuwakumbuka waliotangulia.

Mwenyekiti ndiye huyo huyo mwenyeji wangu. Shuleni alikuwa kiranja wa bwalo, akitugawia maharage kwa upawa, na sikumbuki mtu aliyewahi kumwomba nyongeza akapewa. Sasa ni mkubwa fulani benki. Ana nyumba ya mawe katika mtaa wa Observatory, juu mlimani, yenye ngazi nyingi na hita moja inayohamishwa chumba hadi chumba. Mimi nilikuwa nimekuja na sweta moja na koti la mvua. Nimefundisha Nakuru miaka ishirini na nilijidai najua baridi. Kule jua linawaka mchana kutwa, na ukiingia kivulini meno yanagongana. Wenyeji wanakuambia kwamba ni kawaida, utazoea, huku wao wenyewe wamevaa soksi mbili mbili ndani ya nyumba.

Chini ya kipengele cha nne kulikuwa na picha nne. Tatu nilizitarajia. Ya nne ilikuwa ya mwenzangu wa kitanda.

Bwenini tulilala vitanda vya ghorofa. Yeye alilala juu, mimi chini, miaka minne bila kubadilishana. Aliniita Wa Chini nami nikamwita Wa Juu, na hadi leo ukiniuliza jina lake la ubatizo lazima nifikirie kidogo. Kidato cha pili niliugua homa ya matumbo. Wiki tatu nzima alinichotea maji ya kuoga, akanifulia, akanipigia deki zamu zangu, halafu akamwambia matroni kwamba nimefanya mwenyewe. Sijatendewa hivyo tena na mtu asiye wa damu yangu. Baada ya shule alikwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, akaolewa huko na mkimbizi kutoka Burundi, mtu ambaye sisi wa nyumbani hatukuwahi kumwona hata kwenye picha. Tulipigiana simu, kisha tukawa tunaandikiana, kisha zikabaki salamu za Krismasi.

Miaka miwili kabla ya safari hii, kundi la darasa letu kwenye simu lilijaa rambirambi. Nakumbuka nimeketi chumba cha walimu nalia, ujumbe unaingia juu ya ujumbe: pumzika kwa amani dada, utuombee, siamini. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Wa Juu amekufa. Kundi ndilo lililoniambia, nami nikaamini.

"Alizikwa wapi?" nikamuuliza mwenyekiti.

Alikuwa anakunja fulana za sherehe, rangi ya damu ya mzee kama sare yetu ya zamani. "Nani?"

"Wa Juu. Nataka kumpelekea maua kabla ya hiyo Jumamosi yenu."

"Kwa kweli sijui. Nafikiri watu wa mume wake walishughulika. Wale Warundi wana makanisa yao."

"Kamati ya mazishi ilikaa kwa nani?"

Akakunja fulana moja zaidi. "Haikukaa."

Sasa hapa lazima niwaeleze wasiotujua. Mkenya hafi nje ya nchi kimyakimya. Akifa saa nne asubuhi, ikifika saa sita ana mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kila jioni watu wanajazana sebuleni kwa sala, wanabishana mwili utasafirishwa kwa ndege gani na ni nani atausindikiza, na chai inapikwa kwa sufuria ya harusi. Hata yule asiyependwa na mtu anapata kamati. Pengine yeye ndiye anayepata kubwa zaidi, watu wasije wakasemwa. Na huyu mwanamke amekufa dakika kumi kwa gari kutoka kwa kiranja wa bwalo, na hakuna hata mmoja aliyewasha jiko?

"Tulidhani nyinyi wa nyumbani mna habari zaidi," mwenyekiti akasema. "Wewe hasa. Wewe ndiye uliyekuwa rafiki yake."

"Mimi niko Nakuru."

"Na mimi niko na kazi, mwalimu. Huku watu hawatembeleani ovyo. Baadaye hata namba yake ikatoka kwenye kundi, tukajua watoto wamefunga laini."

Nikamwuliza kama alijua mahali mjane alipo, yaani yule mume, ili angalau mtu anionyeshe kaburi. Akasema alikuwa na duka la cherehani huko Kensington, barabara kuu, labda bado lipo. Nikamwomba anipeleke. Akasema kesho ana miadi ya keki. Nilikwenda kulala nimevaa kila nguo niliyokuja nayo, na sikulala kwa sababu ya hasira, si kwa sababu ya baridi.

Alhamisi asubuhi nikaita teksi. Dereva alikuwa Mkongomani. Tulipofika kwenye roboti, maana ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, palikuwa na mwanamke anauza maua akiwa amejifunga blanketi. Nikashusha kioo nikanunua shada jeupe, la msiba kabisa, lenye utepe. Dereva akanitazama kwenye kioo chake.

"Mama, unaenda ku matanga?"

"Matanga yalipita miaka miwili," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyechelewa."

Akaniambia pole.

Kensington ni maduka madogo madogo yaliyobanana. Duka lenyewe lilikuwa kati ya fundi wa kufuli na fundi wa simu. Kwenye dirisha kulikuwa na gauni la kijani linalong'aa, la wale wasichana wanaomaliza shule na kwenda kwenye dansi yao. Ndani kulikuwa na msichana wa miaka kama kumi na minane, mrefu, amevaa koti la shule, anashona vifungo. Nilimtambua kwa paji la uso. Nikaongea naye Kiswahili, nikamwambia namtafuta baba yake.

Akayatazama maua. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba baba yake alifariki miaka miwili iliyopita. Akasema eish, samahani anti, ulikuwa hujui?

Nikafikiri, wote wawili. Mtoto huyu amefiwa na wote wawili, na sisi tunakunja fulana. "Baba na mama pamoja, mwanangu?" nikamwuliza.

Hakunielewa. Akatafuta maneno ya Kiswahili, akayapata moja moja. "Mama iko nyuma. Anapiga pasi."

Pazia likasogezwa. Wa Juu akatoka na tepu ya kupimia shingoni, amevaa kofia ya sufu na miwani iliyoshikizwa kwa uzi. Alikuwa amekonda na mvi zimemtoka mbele. Akanitazama muda mrefu. Kisha akayatazama maua.

"Hayo ni ya nani?"

Ningesema nini? Nilikuwa nimeyabeba kifuani kama mtu anayeingia makaburini. "Ni yako," nikasema.

"Basi mpe mtoto ayatie maji," akasema. "Kaa chini kabla hujaanguka, Wa Chini. Hicho kiti kina mguu mbovu, chukua kile kingine."

Nililia hadi nikaona haya mbele ya yule binti. Nilimshika mikono, nikamshika uso, na yeye akaniacha nimshike, lakini hakunishika. Hilo nililiona na nikajiambia ni mshtuko. Akapika chai ya maziwa na tangawizi kwenye jiko la umeme lililokuwa chini ya meza ya kukatia. Aliposhika mkono wa koti langu alicheka kidogo, mara ya kwanza. "Umekuja Joburg baridi hii na kikoti cha mvua. Kivue. Nitakutilia bitana ya blanketi."

Alinieleza yote akiwa anakata ile bitana. Aliyekufa alikuwa mumewe. Aliondoka asubuhi mzima, kufika adhuhuri moyo ukasimama. Wa Juu alishindwa kuongea siku mbili. Binti yao, wakati huo ana miaka kumi na sita, akachukua simu ya mama yake na kutuma picha kwa kila jina na kila kundi aliloliona humo. Ilikuwa picha ya wazazi wake wawili wamesimama pamoja mlangoni pa kanisa. Chini yake akaweka mshumaa. Hakuandika neno, kwa sababu hakujua aandike kwa lugha gani. Kwa Warundi, ambao walimjua mume, picha ile ilieleweka. Na hata wao walipiga simu kwanza, wakauliza. Kwetu sisi uso uliojulikana ulikuwa mmoja tu. Tukamzika mwenye uso huo.

"Siku ya tatu nikashika simu," akasema. "Nikajikuta nimekufa. Nimelazwa mahali pema. Kuna mtu amesema nilikuwa mcheshi sana, na shuleni hakuwahi kunisemesha."

"Kwa nini hukusema? Si ungeandika tu kwamba uko hai?"

"Niliandika. Nikafuta. Nikasema ngoja kwanza, nione ni nani atapiga simu. Nimekufa, sawa, lakini si nina watoto? Mtu angepiga awape pole watoto wangu. Watu thelathini na wanane, Wa Chini. Nikangoja wiki ya kwanza, wiki ya pili, mwezi. Halafu nikatoka kwenye kundi."

Hasira iliyonipanda hapo sijawahi kuijua. Nilisimama nikatembea ndani ya duka lile dogo, hatua tatu kwenda, tatu kurudi. Nikawaita majina yote. Wanafiki, wasio na haya, watu wa kutuma mishumaa ya bure. Nikamtaja mwenyekiti na upawa wake. Wa Juu alinisikiliza, sindano mdomoni. Nilipotulia akauliza kitu kimoja.

"Aliyeandika kwanza ni nani? Yule aliyesema kwamba ni mimi niliyekufa, wengine wakamfuata."

"Sijui. Lakini nitamjua, na Jumamosi nitamtaja mbele ya wote. Njoo. Twende pamoja tuwaaibishe."

"Siji."

"Wa Juu, rudi kwetu. Nimekuja huku kote."

"Mtaje kwanza," akasema. "Ukishamtaja, Jumapili njoo uchukue koti lako uniambie. Nataka kulisikia jina kwa mdomo wako. Nikilisikia nitajua kama kuna pa kurudi."

Nikamwahidi. Nilitoka pale nikiwa sihisi baridi hata kidogo.

Mwenyekiti alikuwa amerudi na keki. Nilimwambia akiwa bado ameishika. Akaketi, akasema Yesu wangu, akafunika uso, na kwa muda nilimhurumia. Kisha akainua kichwa, na nikamwona kiranja wa bwalo anarudi kidogo kidogo.

"Sasa tutafanyaje na fulana?"

"Fulana gani?"

Akageuza moja. Mgongoni walikuwa wamechapisha nyuso za marehemu wanne, Wa Juu akiwa upande wa kulia, na maneno ya kwamba hatutawasahau. Alikuwa nazo fulana thelathini.

"Tutamwondoa kwenye programu kimyakimya," akasema. "Picha ukutani zitakuwa tatu. Watu hawatagundua. Halafu baada ya sherehe tutamtembelea, wachache, na zawadi. Hatutaki kuvuruga watu, mwalimu. Wengine wanakuja na waume zao."

"Mlimuua hadharani, mnataka kumfufua jikoni?"

"Hakuna aliyemuua. Ilikuwa makosa."

"Makosa ya nani?"

"Sijui nani. Kila mtu aliandika."

Nikamwambia kwamba nitajua nani. Akaniomba nisifanye hivyo nyumbani kwake. Siku mbili hizo tulikula meza moja tukipitishiana chumvi kwa adabu.

Jumamosi asubuhi, kabla wageni hawajafika, niliketi kitandani na simu nikaanza kurudi nyuma kwenye lile kundi. Miaka miwili ya sala za asubuhi, picha za maua na matangazo ya viwanja. Nilirudi mpaka kidole kikauma. Hatimaye nikaufikia ule msiba, mwisho wake kwanza, nikapanda taratibu. Karibu na juu kabisa nikaona jina la mwenyekiti. Alikuwa ameandika mistari minane na aya ya Biblia. Nikasema hewala, nimekupata. Nikaweka alama hapo, nikaenda kuoga. Haki ya Mungu niliimba bafuni.

Walifika saa nane. Fulana juu ya masweta, sote tukaonekana wanene. Watoto wao walijazana chumba cha nyuma wakiongea Kiingereza na Kizulu, na kila mara mama mmoja aliwapigia kelele kwa Kiswahili, nao wakajibu kwa Kiingereza. Tuliimba wimbo wa shule na tukasahau ubeti wa pili. Nilikumbatiwa na watu niliowapenda kweli, na kila aliyenikumbatia nilikuwa naona mgongo wake, na Wa Juu ananitazama kutoka pale akiwa na miaka ishirini na kitu.

Kipengele cha nne kikafika. Taa zikazimwa, projekta ikawashwa, nyuso tatu zikatokea ukutani moja baada ya nyingine. Mtu akawasha mshumaa. Na hakuna aliyeuliza wa nne yuko wapi. Walikuwa wamembeba mgongoni, picha yake haikuonekana ukutani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Hapo ndipo niliposimama na kuchukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa mwenyekiti.

Nikawaambia. Wa Juu yu hai, anashona nguo Kensington, ni mjane, ana watoto, na kila mmoja wenu alisoma habari ya kifo chake akatuma mshumaa akaenda kupika. Mmoja akaanza kulia kwa sauti. Mmoja akasema haiwezekani, yeye alihudhuria mazishi, kisha akakumbuka kwamba yalikuwa ya mtu mwingine. Niliwaambia kuna mtu aliyeanza. Kuna aliyetazama picha ya watu wawili, hakuuliza, akatangaza. Huyo nimeahidi kumtaja.

Na nikaanza kusoma. Nilisoma kutoka chini kwenda juu, jina na maneno, jina na maneno, kwa sauti ile ninayoitumia mtoto akiwa amenakili mtihani. Waliokuwepo waliinamisha vichwa zamu ilipowafikia. Sitaficha, nilikuwa na raha. Nikafika kwa mwenyekiti, nikayasoma yale maneno yake yote, pamoja na aya, nikamgeukia. Alikuwa amesimama kando ya keki, machozi yanamtoka, hajitetei.

Nikavuta simu chini kidogo ili picha ionekane, niwaonyeshe kwamba juu ya maneno yake hakuna kitu kingine.

Kulikuwa na jumbe tatu. Nikasoma wa kwanza, wa mtu aliyekuwa anaishi Mombasa. Nikasoma wa pili. Wa tatu ulikuwa umekaa chini ya picha kabisa, dakika moja baada ya mshumaa wa yule mtoto, na jina lake lilikuwa langu.

Nilisimama na kipaza sauti. Mtu akasema, "Soma, mwalimu." Hakusema kwa ubaya. Hakujua.

Nikasoma. "Jamani, Wa Juu wetu ametangulia. Moyo wangu umevunjika. Nina kipindi sasa, nitapiga simu baadaye."

Niliikumbuka siku yenyewe nikiwa bado nimesimama. Kidato cha tatu walikuwa wananingoja, nilikuwa na chaki mkononi, nikauona uso wake kwenye kioo cha simu, nikaandika kwa kidole gumba nikitembea. Nilipotoka darasani kundi lilikuwa limejaa, nami nikaketi chumba cha walimu nikazisoma rambirambi za wenzangu na kulia kana kwamba wao ndio walioniletea habari. Jioni niliwaza kwamba wa Joburg wako karibu, wamekwishapiga. Wa Joburg nao waliona rafiki yake wa kitanda ndiye aliyetangaza. Nani angemuuliza rafiki wa kitanda kama ana hakika?

Taa ziliwashwa. Hakuna aliyenicheka. Ningependelea wanicheke. Mwenyekiti alikuja akanishika bega akasema, "Kula kitu," na kwa mara ya kwanza maishani mwake akanipakulia mara mbili.

Jumapili mchana nilikwenda Kensington na teksi ya yule yule dereva Mkongomani. Duka lilikuwa limefungwa kwa wateja, lakini mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Lile shada langu lilikuwa kwenye ndoo karibu na pasi, bado halijanyauka. Wa Juu alikuwa amelitundika koti kwenye kiango, bitana imeshonwa vizuri kuliko koti lenyewe.

"Haya," akasema. "Ni nani?"

"Ni mimi."

"Najua."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia Alhamisi, akaniacha niwatukane watu siku mbili nzima, niende nikasimame mbele ya kadamnasi. Niliongea kwa hasira, sijui hata nilikuwa na haki gani ya kuwa nayo.

"Ulikuwa umekasirika sana," akasema. "Uliikasirikia dunia nzima ndani ya duka langu, na wewe hukuwemo. Nikasema acha aende akajitafute."

"Nisamehe, Wa Juu."

Akashusha koti, akalikung'uta nyuzi. "Wale thelathini na saba sikuwangoja. Nilisema vile tu. Nani kati yao angepiga? Wewe ndiye uliyeandika una kipindi, utapiga baadaye. Nami najua kipindi cha shule ni dakika arobaini. Nikaiweka simu hapa, juu ya cherehani, sauti yote juu. Nikamwambia mtoto asiiguse, mwenzangu anamaliza kufundisha, atapiga."

Binti alikuwa mlangoni. Sijui alielewa kiasi gani. Wa Juu alinivalisha koti mwenyewe, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni kama wanavyofungiwa watoto wa darasa la kwanza, akanitoa mpaka nje ambako yule Mkongomani alikuwa ananingoja. Sikumwomba arudi kwenye kundi. Hakusema kama atarudi, na hajarudi.

Sasa nampigia kila Jumapili nikitoka kanisani. Mara ya kwanza nilidhani hayupo. Simu inaita, inaita mpaka karibu ikatike, nami najua iko pale mezani mbele yake na sauti iko juu. Nangoja. Halafu anapokea.

"Wa Chini," husema. "Kipindi kimekwisha?"

Namwambia kimekwisha.